Chumvi Kwenye Mashuka

"Onja."

"Nionje shuka?"

"Hapo kwenye pindo. Onja, halafu useme mimi mwongo."

Fundi cherehani aligusisha ulimi. Ni chumvi kweli. Akatema mate, akamtazama mchumba wake, dobi anayefua mashuka ya hoteli kwa maji ya chemchemi, huku milimani ambako bahari huonekana kwenye kalenda tu.

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya dobi. Ulitoka kwa msimamizi wa vyumba hotelini: "Mashuka yamekakamaa tena. Wageni wanajikuna. Mkiendelea hivi tutatafuta dobi mwingine."

"Labda ni sabuni," dobi akasema.

"Sabuni gani inanuka mwani?"

Dobi akaanza kukunja shuka lililokwisha kunjwa. Na mwanamume anayekwepa hivyo, jamani, jibu analo, ila hataki ulisikie.

Mwanamke huyu ndiye aliyetaka wakaishi baharini. Dobi alikataa katakata: huko hewa nzito, nguo hazikauki, kazi itakufa. Penzi ni kuvumiliana, basi mwanamke akawaacha wateja wake wa kushona, akapanda milima, akawa analala na masweta mawili. Harusi ilipangwa Jumamosi.

Asubuhi iliyofuata fundi cherehani alikuta gauni la bluu mwisho wa kamba ya kuanikia. Lilikuwa linachuruzika maji, na mashuka yaliyo pembeni yake ni makavu. Upepo ulikuwa unavuma, mashuka yakipepea, ila gauni lilitulia tuli.

"Hili la nani?"

"La marehemu mke wangu. Lilikuwa sandukuni."

"Umelifua wewe?"

"Sijaligusa tangu tumzike."

Fundi cherehani akaenda chumbani, akampigia dada wa dobi.

"Wifi, niambie ukweli. Marehemu alikuwa na nini na bahari?"

"Kwani kaka hajakwambia? Alimwahidi watahamia huko. Kila mwaka, mwakani, mwakani. Amekufa hajaiona."

Alikata simu, moyo unamuuma. Mke mwenza aliye hai unaweza kugombana naye. Huyu utamwanzia wapi?

Akatoka nje. "Kumbe si habari ya nguo kukauka. Hukutaka kuiona bahari ukiwa na mwingine."

"Niliona haya," dobi akasema, machozi yanamtoka. "Nikupe wewe nilichomnyima yeye?"

"Ndiyo ukaninyima na mimi, ili tulingane?"

Mwanamke akalianua gauni kutoka kambani.

"Jumamosi hakuna harusi. Tunashuka baharini, na gauni linakuja. Mkimalizana, ndipo nitajua kama nina mume."

Wakashuka. Dobi aliingia majini hadi kiunoni, gauni mikononi.

"Nisamehe, mke wangu. Nimechelewa."

Fundi cherehani alimsikia kutoka ufukweni, na neno hilo lilimchoma, lakini alimwacha aseme.

Dobi akaliachia. Gauni lilisimama kidogo, kama mtu anayepima maji kwa mguu. Kisha likaondoka. Mawimbi yalikuwa yanakuja nchi kavu. Lenyewe lilikwenda kinyume nayo, taratibu, mpaka likapotea machoni.

Walipanga vyumba viwili huko huko, kila mtu chake. Dobi akapata mashuka ya nyumba ya wageni, akayaanika hatua chache kutoka majini. Upepo wa bahari uliyapiga mchana kutwa.

Jioni fundi cherehani alivuta pindo, akaonja. Akaonja na la pili.

"Vipi?" dobi akauliza.

"Hakuna chumvi hata chembe."

Wote wawili wakageuka kutazama bahari.

"Mpigie dada yako," akasema. "Mwambie harusi ipo."