Mikono Aliyoiazima Mbuke

Asubuhi ile Helena alianika nguo tisa. Alipokwenda kuzianua, zilikuwa kumi.

Ya kumi ilikuwa kipande cha khanga, kirefu na chembamba, kimechanwa kwa meno, kingali kinachuruzika maji. Helena alikitambua mara moja. Kabla ya kuolewa huku Usangu alifanya kazi miaka miwili kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ya misheni, Tosamaganga, akafua bandeji mpaka kucha zikalegea. Kitambaa kilichofungia kidonda hakimpotei. Akakinusa. Chini ya sabuni palikuwa na ile harufu ya utamu ulioharibika, inayokaa kooni hata ukinywa maji. Na pale nyumbani hakuna aliyekuwa na kidonda. Akakitupa shimoni, akarudi kwenye kazi zake, maana ndama hawangoji mtu amalize kushangaa.

Wiki hiyohiyo mumewe, Budeba, akaota kipele kwenye ugoko.

Huyu Budeba tumseme kidogo, anastahili kusemwa. Alishuka kutoka Usukumani na mifugo yake, akapata malisho na mashamba ya mpunga upande wa Chimala, akanenepa roho na mwili. Ng'ombe wake wote aliwajua kwa majina, na mama zao pia. Ng'ombe akivimba kwato, Budeba alikuwa tayari kupanda bodaboda kwenye mvua kufuata sindano. Kwa binadamu subira ilimwishia mapema. Mke wake wa kwanza, Mbuke, alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. "Jini la mguu," ndivyo alivyomwambia Helena wakati wa uchumba, na Helena, msichana wa Kilolo aliyetaka kuolewa, hakuchimba zaidi. Mbuke aliacha binti mmoja, Kulwa, sasa wa miaka kumi na saba, mpole kupita kiasi, ambaye hakukatiza kamwe mbele ya kibanda cha ndama cha zamani.

Kipele kikapasuka. Baada ya siku nne kilikuwa shimo linaloingia kidole gumba, kingo zake zambarau, zimelika kwa chini. Zahanati wakakikwangua vizuri, wakakifunga. Kilipofunguliwa kilikuwa kimekua mara mbili. Kisha tumbo likaanza kumwendesha damu. Kisha magoti yakavimba, akawa anashuka kitandani kwa kuburuta makalio.

Na mchana, ng'ombe wakiwa malishoni na jua limesimama utosini, Helena alianza kusikia mtu akizunguka nyumba. Hatua moja nzito, halafu mburuto. Hatua, mburuto. Akitoka, hapana mtu, ila nzi wametanda kwenye mlango wa kibanda cha ndama, ambamo hapakuwa na ndama wala kitu.

Akampeleka Mbeya, hospitali kubwa. Daktari aliyempokea alikitazama kidonda muda mrefu bila kukigusa.

"Hiki hakikuletwa na wadudu," alisema. "Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo imemgeuka. Tumbo, magoti, kidonda, yote ugonjwa mmoja. Atameza vidonge muda mrefu, labda mwaka. Na asikatwe! Asikwanguliwe, asichanjwe. Kila mahali wembe utakapopita, kitazaliwa kingine." Akaandika neno hilo kwenye kadi kwa herufi kubwa: ASIKATWE. Kisha akasema, "Niliwahi kupata mama mmoja wa huko kwenu mwenye hikihiki. Hakurudi kliniki."

Budeba alikuwa anaangalia sakafu.

Vidonge vilimfaa. Mwezi wa pili kidonda kilikuwa kinajifunga, naye ameanza kufoka kama zamani, dalili nzuri kuliko zote. Lakini yale maneno ya daktari yalikuwa yamemkaa Helena kifuani. Siku moja, wakipepeta mpunga, akamuuliza Kulwa mama yake aliuguaje.

Kulwa aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki mtupu.

"Mama alikuwa na kadi, mama mdogo," akanong'ona. "Imeandikwa hivyohivyo. Baba akasema dawa gani hiyo mtu anameza mwaka mzima, hilo ni jini, linatolewa. Akamleta Mzee Jailos, yule mganga. Mama alilia, akasema, 'Baba Kulwa, daktari kakataza nisikatwe.' Baba akamshika mguu. Wakamchanja chale saba. Zote zikafunguka. Harufu ilipozidi akamhamishia pale, kwa ndama. Miezi kumi na moja. Mimi ndiyo nilikuwa namfulia vitambaa."

Helena alihisi chuki ikimpanda, chuki safi, ya mke kumwonea uchungu mke mwenzake. Ila alikuwa anampenda yule mtu. Mambo haya mawili yalikaa ndani yake pamoja, na alilala nayo.

Kesho yake saa saba mchana alikuwa peke yake mferejini, anafua. Ile harufu ikaja kabla ya kitu kingine chochote. Halafu ndani ya beseni, katikati ya povu, akaona mikono mingine miwili inafikicha shuka pamoja na ya kwake, mikono myeusi, iliyokonda, ikifikicha kwa bidii na bila haraka, na hakuthubutu kuinua uso kuona inaanzia wapi.

"Niazime mikono yako," sauti ya kike ilisema, nzito, yenye lafudhi ya Kisukuma. "Ya kwangu haishiki wembe."

"Ni mume wangu," Helena alinong'ona.

"Na wangu."

"Utamuua."

"Simtaki afe. Nataka aishi nacho." Mikono ikaacha kufikicha. "Haya, sikunyang'anyi. Angalia mguu wako. Kamwonyeshe hicho. Akikupeleka hospitali, naondoka, hamtanisikia tena. Asipokupeleka, mikono ni yangu."

Helena akatazama. Kwenye ugoko wake palikuwa na kipele. Na kwa kuwa alimwamini mumewe, maana mtu aliyeponywa na vidonge mwenyewe atakosaje kujua, alijibu, "Nimekubali."

Alikimbia nyumbani na mapovu mikononi. Budeba alikuwa kivulini, vidonge vyake vya mchana viko kwenye kiganja.

"Baba Kulwa, na mimi kimeniota. Nipeleke Mbeya kwa yule daktari. Kesho tu, tafadhali."

Budeba akakitazama kipele, uso ukachanua. "Limehama!" akasema. "Helena, limenitoka limekuja kwako! Ndiyo maana napona!"

"Nipeleke hospitali."

"Hospitali ya nini? La kwako bado changa, litatoka kwa wembe. Ng'ombe nitamwachia nani mimi, kila siku Mbeya, Mbeya? Kesho aje Mzee Jailos. Usiogope. Nitakushika mwenyewe."

Akameza vidonge vyake, akashushia maji. Helena alimwangalia koo likipanda na kushuka, na pale ndipo upendo wake ulipoishia.

Jailos alifika kesho yake saa saba, na mkoba wake wa ngozi na nyembe mpya, maana siku hizi waganga nao wanajali usafi. Kulwa alitandika mkeka huku machozi yanamdondoka. Helena akalala bila ubishi. Budeba akapiga magoti kwa taabu, akamshika mguu kwa mikono yote miwili, na Jailos alipoinama na wembe ndipo jua lilipoonekana kufifia ingawa hapakuwa na wingu, na nzi wakatoka kibandani kwa wingi wakatulia ukutani bila mlio, na ile harufu ikawajaa puani wote wanne, na mdomo wa Helena ukafunguka ukasema kwa sauti ambayo Helena aliisikia kutoka mbali, kama mtu aliye chumba cha pili:

"Jailos. Unanikumbuka?"

"Mayo?" Kulwa alisema, neno la Kisukuma la kumwita mama, ambalo alikuwa hajamwitia mtu kwa miaka mitatu.

Jailos hakuuliza mara mbili. Mganga wa majini, mtu wa vitisho na sifa, aliangusha wembe, akaruka ua akaacha mkoba, akaacha na viatu, na alionekana mara ya mwisho akikatiza mpunga wa watu kuelekea barabara kuu. Budeba naye alitaka kuinuka, lakini magoti yake hayakuwa ya kuinuka haraka, na mkono wa Helena ulikwisha kumshika kifundo cha mguu kwa nguvu ambayo msichana wa Kilolo hakuwahi kuwa nayo, na mkono wa pili ulikuwa unapapasa mkekani, taratibu, unatafuta wembe.

"Mama Kulwa," Budeba alilia, "daktari kakataza! Nisikatwe! Mama Kulwa!"

"Najua," mdomo ukasema. "Hata mimi nilikwambia."

Helena angeweza kupiga kelele. Alijipima, akaona bado anaweza. Alinyamaza. Kulwa akageuza uso, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini, na alipofika saba akaacha.

Ndani ya siku tano chale zote saba zilifunguka. Mbeya, daktari alisimama pembeni ya kitanda na kadi mkononi, hasira zimembana.

"Nani amemkata? Niliandika kwa herufi kubwa!"

"Mke wake," Helena akajibu.

"Si wewe ndiye mke wake?"

"Mke mkubwa."

Daktari akaandika kwenye kadi. Dozi itapandishwa, akasema. Hatakufa, ila sasa ni safari ndefu. Vidonda vyote vioshwe kila siku, polepole, na mtu wa nyumbani mwenye mkono mwepesi. Akatoa glavu, akauliza nani ataianza kazi hiyo.

Budeba akaanza kutikisa kichwa kwenye mto, akaomba aletewe mtu mwingine, yeyote yule, hata wa barabarani.

Mikono ya Helena ikainuka kutoka mapajani, ikapokea glavu, ikaanza kuzivaa. Helena hakuwa ameiambia iinuke.