Baraza Yangu Niliikuta Woodbridge

Wasomaji wenzangu, mie ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Riverdale Park, Maryland. Kazi yangu ni kuangalia wazee. Nyumba yetu ndogo, lakini nyuma ina kiuwanja, na hicho kiuwanja ndicho kilichoniliza!

Nilitamani baraza ya nje kama za kwetu, ya kukalia jioni na kahawa yangu. Mume wangu Shaabani ni fundi wa bustani. Akasema nichore tu, yeye atajenga kwa yale matofali ya bustani yanayopangwa bila saruji.

Nikachora! Nikaweka kidaka katikati ya egemeo, kishimo cha kuwekea buli la kahawa. Na kwa kuwa mie mfupi, tena magoti yananiuma, nikamwambia kozi za kikalio, zile safu za matofali, zisizidi mbili, miguu yangu isije ikaning'inia. Akacheka, akasema atanijengea ya kimo changu.

Tukapima kwa uzi na vigingi. Akachimba msingi, akamwaga kokoto, akashindilia, akapanga kozi ya kwanza huku anaangalia pima maji. Ikakaa sawasawa… Wallahi siku ile nilijiona mke kweli!

Basi ikaishia hapo. Matofali yaliyobaki yakawa yanapungua pale pembeni. Nikiuliza, ati rangi siyo, anayarudisha, na rangi yetu imekwisha dukani. Kila wikendi akawa na kazi Woodbridge, kule Virginia, na kwa ile foleni ya magari ati bora alale huko huko. Nami nampakilia chakula! Biriani langu, jamani, linavuka mto kwenda Virginia kila Jumamosi!

Jumamosi moja shoga yangu Salma akanichukua kwenye arobaini ya mtoto, kwa mwanamke wa Mombasa anayefahamiana naye. Kwake Woodbridge. Sikushtuka, mji wenyewe mkubwa.

Tukasoma maulidi, tukala, nikatoka uani kupunga upepo. Ee Mola wangu! Baraza yangu ile pale! Matofali yale yale ya kijivu yenye mabaka mekundu, egemeo lile lile, na kidaka katikati… Nikakaa. Miguu ikaning'inia. Kozi tatu!

Mwenye nyumba akanifuata, mwanamke mrefu, mzuri, kampakata mwanawe. Akauliza kama baraza imenipendeza.

"Babake kaichora mwenyewe, kaijenga mwenyewe," akasema. "Wikendi zote yuwaja. Leo tu kazi imemshika."

Nikamuuliza siku nyengine anakaa wapi.

"Maryland, kwa dadake. Maskini, mgonjwa wa magoti, hana mtu."

Dada! Mie, mke wa ndoa, leo nimekuwa dada? Na magoti yangu ndiyo kisingizio? Uke wenza kwetu si kitu kigeni. Angeniambia ningelia, ningenuna, lakini ningejua! Nikamtazama yule mtoto, paji la uso ni Shaabani mtupu, hasira zikaniishia machozi.

"Akija," nikamwambia mamake, "mwambie dadake kaiona baraza."

Ujumbe ulimfika Shaabani, akarudi mbio usiku ule ule, ati yule ni mteja tu. Kisha akalia. Nguo zake nilishazitoa nje.

Baraza nimeimaliza mwenyewe, nikisaidiwa na Salma, kwa matofali ya rangi nyengine. Kozi mbili, kama nilivyotaka.

Dada zangu, nakuombeni, kazi ya nyumbani kwenu ikisimama huku mwanamme kila siku yuko saiti, msiridhike na hadithi za rangi. Nendeni mkaione hiyo saiti! Mie nilipakilia biriani badala ya kuuliza, na hadi leo naumwa.

Shaabani huja Ijumaa kuomba radhi. Kwetu mwanamme asiye wa ndani hupokelewa barazani, basi namkaribisha hapo. Anakaa, magoti yamemfika kifuani, anatazama mlango. Akitaka maji, namletea hapo hapo.