Tangi Lisilofutwa

Garth Liebenow alikutwa amelala chali ndani ya banda la ng'ombe la uwanja wa maonyesho wa Pell Grove, saa saba kasoro dakika kumi mchana, kisogo chake kikiwa juu ya jeki ya chuma. Ng'ombe hawakuwamo. Wikiendi ile banda lilikuwa la pikipiki za kale ambazo hazijawahi kupakwa rangi upya. Zilikuwa thelathini na nne, kila moja ikiwa na kipande cha boksi chini yake cha kukingia oili inayovuja.

Inspekta Marit Tollefsrud wa polisi wa kaunti alifika saa saba na robo, soseji yake ya mchana ameiacha nusu kwenye gari. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka hamsini na mmoja, mvumilivu kwa mengi isipokuwa kelele, na kelele ndizo zilizowaleta watu hawa. Zaidi ya watu mia mbili, wengi wao wazee wenye mvi na vitambi, walikuwa wametoka majimbo tisa kuja Wisconsin kuonyeshana vyuma vya babu zao. Saa sita kamili walikuwa wamewasha injini zote kwa pamoja na kuuzunguka mji kwa gwaride la dakika arobaini. Katika dakika hizo ungeweza kulipua baruti bandani na asisikie mtu.

"Tumeshampata, afande," alisema Konstebo Tou Xiong, akipangusa jasho shingoni. Alikuwa na miaka ishirini kazini na bado alipenda mambo yaishe kabla ya chakula.

Aliyepatikana alikuwa amekaa juu ya robota la majani makavu, mikono ndani ya pingu. Jina lake Duane Pokorny, fundi wa kuchomelea vyuma, miaka thelathini na minane. Ndiye aliyepiga kelele za kuita watu. Waliofika walimkuta ameinama juu ya maiti, mikono ya shati imelowa damu.

"Ulimwambia nini asubuhi?" Marit aliuliza.

"Nani, Garth?"

"Acha kuzunguka, Duane. Watu arobaini wamekusikia."

"Nilimwambia nitamvunja shingo."

"Kwa nini?"

"Aliniuzia injini yenye ufa, na ufa wenyewe kauziba kwa gundi. Ungekuwa wewe ungemwimbia?"

"Wakati wa gwaride ulikuwa wapi?"

"Pikipiki ilinizimikia njiani. Nikaisukuma kurudi."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Nani anamtazama mtu anayesukuma?"

"Na hiyo damu?"

"Nilimwinua kichwa. Nilidhani anapumua."

Marit alikuwa anaijua hadithi ya Duane, maana kaunti yenyewe ni ndogo. Alifungwa miaka sita kwa kumpiga mtu baa, akaachiwa kwa masharti, na sasa ilikuwa imebaki miezi minne masharti yaishe. Mwezi wa nne mahakama ilikuwa imemrudishia binti yake wa miaka saba aliyekuwa akilelewa na watu baki. Jina la Duane likiandikwa tu kwenye kitabu cha mahabusu, awe na hatia asiwe nayo, masharti yamevunjika. Angerudi gerezani na mtoto angerudi kwa watu baki. Duane alilijua hilo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana hakupandisha sauti hata mara moja. Alikuwa anaogopa, na Marit alimwonea huruma, jambo ambalo halikumsaidia kufikiri.

Simu ya sherifu ilikuja saa nane kasoro robo. Alitaka Pokorny aletwe mara moja. Saa kumi na moja mkutano unafungwa, alisema, watu wanatawanyika majimbo tisa, na yeye hana nia ya kuwafukuza wazee barabarani wakati mshukiwa mwenye damu mikononi yupo.

"Basi nipe hadi hiyo saa kumi na moja," Marit alisema.

"Ya nini?"

"Nipe tu."

Sherifu alitoa pumzi ndefu, akakubali, na kumwambia kwamba dakika moja ikizidi atakuja mwenyewe.

Daktari wa polisi hakuchukua muda. Liebenow hakupigwa na kitu chochote. Alisukumwa kifuani kwa nguvu, akaanguka kinyumenyume, jeki ikamaliza kazi. Hakuteseka.

Marit alianza kukagua. Sakafu ya saruji ilikuwa imefutwa kwa upana wa hatua mbili hivi, ikinuka petroli. Stuli ilifutwa. Komeo la mlango lilifutwa kiasi kwamba liling'aa kuliko kitu chochote bandani. Mtu huyu hakuwa na haraka. Alikuwa na dakika arobaini za makelele na alizitumia vizuri.

Isipokuwa sehemu moja. Karibu na miguu ya maiti ilisimama pikipiki ya Liebenow, aina ya Tamarack ya mwaka 1914, ya kijivu, vumbi limeganda hata kwenye spoku. Juu ya tangi lake la mafuta kulikuwa na kiganja cha damu, kikubwa na wazi, kimeburuzika kidogo kiasi kwamba alama za vidole zilikuwa hazisomeki. Wenzo wa breki upande wa kulia ulikuwa umepinda, na kwenye ncha yake kulikuwa na kipande cha ngozi.

"Hii damu si ya marehemu," alisema mtaalamu wa maabara, mwanamke mwenye miwani mikubwa. "Marehemu kaumia kisogo tu, na ameanguka mbali na tangi. Ni ya aliyejichana hapa. Lakini majibu ya maabara ni Jumatano."

"Jumatano hainifai," Marit alisema.

Alichuchumaa. Kwenye saruji kulikuwa na mkwaruzo mpya mahali ambapo kikanyagio cha mguu kilikuwa kimegusa chini. Kwa hiyo pikipiki ilianza kuanguka, mtu akaidaka, ikamkata kiganja, akaisimamisha tena kwenye stendi yake. Kisha akafuta kila kitu na kuiacha damu yake mwenyewe pale ambapo hata kipofu angeiona.

"Labda alisahau," Xiong alisema.

"Kakumbuka komeo, asahau tangi?"

Marit alitazama saa yake. Ilikuwa saa nane na nusu.

Alimfuata mtu ambaye kila mmoja pale alimwelekeza kwake: Verlyn Stangl, mwamuzi mkuu wa maonyesho, mzee wa miaka sabini na minane, mkavu, mwenye tai ya mistari na glavu nyeupe za pamba ambazo waamuzi huvaa ili wasiguse vyuma kwa jasho la mikono. Alimkuta ofisini akipanga kadi za alama. Mzee alisimama alipoingia mwanamke, jambo ambalo Marit hakuwa amelizoea.

Marit alimweleza habari ya kiganja cha damu, akamuuliza swali lililokuwa linamsumbua. Kwa nini mtu asiifute?

"Kwa sababu ile rangi haifutwi, mama," alisema Stangl taratibu. "Ina miaka zaidi ya mia. Ukipitisha tambara lenye maji, inatoka. Ukipitisha la petroli, maandishi ya dhahabu yanatoka nayo. Ikishatoka haipakwi tena. Hata mate haturuhusu."

"Hata kama damu ni ya kukupeleka gerezani?"

Mzee alifikiri. "Mtu mwingine angefuta. Sisi sijui."

"Nani hapa asingeweza kufuta?"

"Wenye pikipiki za bandani wote. Thelathini na kitu hivi."

"Na Duane Pokorny?"

Hapo Stangl alisawazisha kadi zake mezani, akazisawazisha tena. Marit akadhani mzee anasikitika kumtaja mtu.

"Duane hukata vyuma vya zamani na kuvipaka rangi mpya," alisema mwishoni. "Anaona sisi ni vichaa. Duane angefuta tangi kabla ya kitu kingine chochote, na kulipaka nta juu yake."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Si yeye, Inspekta."

Marit alishukuru. Akamuuliza, kwa desturi tu, yeye mwenyewe wakati wa gwaride alikuwa wapi. Hapa hapa, alijibu Stangl, akiandika kadi kuanzia saa sita. Marit aliomba kadi hizo, maana kila moja ilikuwa na saa iliyoandikiwa, na akatoka nazo chini ya kwapa.

Ilibaki kutafuta kiganja kilichochanika. Yeye na Xiong walipita hema baada ya hema wakiwaomba watu wafungue mikono, na hapo ndipo Marit alipokaribia kulia. Kila mkono ulikuwa na kidonda. Watu hawa walishinda wakigombana na minyororo na nati zilizoshika kutu. Kumpata mwenye ngozi nzima ingekuwa habari. Mmoja alimwonyesha vidole vinne akamwambia cha tano kipo Ohio. Xiong alicheka peke yake.

Saa tisa na nusu. Saa kumi. Nje ya uwanja malori yalianza kupakia.

Marit alikaa kwenye ngazi ya banda na kufungua zile kadi kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya. Zilikuwa za mwandiko mzuri wa watu waliochapwa shuleni, herufi zimelala kulia kwa adabu. Kadi ya kwanza hadi ya kumi na nane zilikuwa hivyo. Ya kumi na tisa, iliyoandikwa saa saba kasoro robo, herufi zilikuwa kubwa, zimetetemeka, zimelala upande wa kushoto. Na zote zilizofuata.

Kati ya saa sita kasoro dakika tano na saa saba kasoro robo hapakuwa na kadi hata moja.

Aliyeziandika alikuwa amebadilisha mkono. Alikumbuka glavu. Alikumbuka pia kwamba mzee yule angeweza kusema neno moja dhidi ya Duane, akawa salama, na hakulisema. Hakufurahi hata kidogo.

"Xiong," aliita. "Mlete Mzee Stangl bandani. Kwa heshima."

Alipokuja, maiti ilikuwa imeshaondolewa. Mtaalamu wa maabara alikuwa amepiga magoti kando ya Tamarack, ameshika chupa ya maji na kijiti chenye pamba.

"Tunachukua damu ya kwenye tangi," Marit alimwambia mzee. "Imeganda, kwa hiyo italoweshwa kwanza, kisha isuguliwe."

"Kwa maji?"

"Kwa maji."

Stangl hakusogea. Mtaalamu alilowesha pamba, akaipeleka polepole kwenye tangi, hadi zikabaki inchi mbili, moja.

"Msiiguse," alisema Stangl. Sauti haikuwa kubwa. "Msiiguse, tafadhali. Damu ni yangu. Chukueni hapa."

Akavua glavu ya kulia. Chini yake kulikuwa na bandeji iliyolowa, na chini ya bandeji kiganja kilichofunguka kutoka kidole gumba hadi kwenye kifundo cha mkono. Alikinyoosha mbele ya yule mwanamke kama mtu anayepimwa shinikizo la damu.

Marit alimgeukia Xiong. "Kamfungue Duane. Mwambie aende kwa mtoto wake." Ilikuwa saa kumi na dakika thelathini na tano. Kisha akamwambia mzee kwamba ana haki ya kunyamaza na ana haki ya wakili. Mzee alisema amesikia, na kwamba amenyamaza vya kutosha.

"Unaliona hilo doa?" aliuliza, akionyesha ubavu wa kulia wa tangi, mahali ambapo rangi ilikuwa imelika na chuma kikawa cheusi na laini. "Hilo ni goti la baba yangu. Alipeleka barua kwa pikipiki hii miaka ishirini na mitatu, theluji, matope, kila siku isipokuwa Jumapili. Alipofariki, kaka yangu aliiuza. Nimeitafuta miaka arobaini na sita. Jana Garth kaishusha kwenye lori."

"Ukamwomba?"

"Nilimwambia nitampa chochote anachotaka. Akasema hapana, kuna mgahawa unaotaka pikipiki ya kutundika ukutani, nyekundu, inayong'aa. Leo watu walipoondoka nilirudi kumsihi. Alikuwa anacheka. Hakuwa mtu mbaya sana, Garth, alipenda tu kutania. Akatoa msasa mfukoni. Akasema, kidogo tu, Verlyn, uone chuma kilivyo kizuri chini. Akapitisha pale kwenye goti."

Marit aliinama. Ulikuwepo, mstari mmoja mweupe, mfupi kama njiti ya kiberiti.

"Ndipo ukamsukuma."

"Nikamsukuma. Sikutaka afe. Kumsukuma nilitaka."

"Akaangukia jeki."

"Kwanza alishika usukani. Pikipiki ikatoka kwenye stendi. Yeye akawa anakwenda huku, yenyewe inakuja huku."

"Ulikuwa mbali naye?"

"Hatua moja. Mkono ungefika."

"Alikunyooshea mkono?"

"Alininyooshea. Aliniita jina."

Marit aliacha kuandika. Aliona aibu kuuliza lililobaki, lakini ilikuwa kazi yake, akauliza. "Na wewe ulifanya nini, mzee?"

Stangl aliutazama mkono wake uliochanika, halafu tangi. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka na hakuyafuta.

"Nilidaka pikipiki," alisema.