Sufuria ya Njia Panda

Sabuni ilikataa kuwa nyeusi. Zubeiri aliisugua tena juu ya kipande cha aluminiamu, akakipitishia moto, akangoja. Aluminiamu haina adabu ya chuma. Haiwi nyekundu ikakuonya. Huyeyuka ghafla ikakuachia shimo. Ndiyo maana mchomeleaji huipaka sabuni: ikigeuka nyeusi, moto umetosha. Siku hiyo kipande kiliyeyuka na sabuni ikiwa nyeupe pe, na ua mzima ukanuka udi.

"Unafukiza nini, Mama Sabiha?"

"Nifukize kwa udi upi?" Mkewe, Mwatumu, alijibu toka ndani. "Mie nanyonyesha."

Zubeiri alikuwa karani wa shamba la mkonge huko Pongwe, mwaka wa hamsini na sita. Kuchomelea kulikuwa raha yake tu. Wenzake wakicheza bao, yeye anaziba sufuria za majirani, bure kabisa. Ila bati la kuzibia lilikuwa adimu, na hapo ndipo Ibilisi alipompatia. Njia panda aliokota sufuria iliyotobolewa kitako, akaikatakata vipande. Ala! Mtoto gani wa pwani asiyejua? Cha njia panda hakiokotwi, na chombo kilichotobolewa ni kafara, kimeshapewa pepo mwenyewe ili mgonjwa aachiwe roho yake. Zubeiri alijua. Akajiambia bati ni bati.

Kwa vipande vile aliziba sufuria tatu: yake, ya Sadalla wa nyumba ya pili, na ya Benedikta, Mshambaa, mke wa mkata mkonge, mwenye mtoto wa mwaka mmoja aitwaye Kristofa.

Kesho yake, jua la utosi, Mwatumu akasikia kijiko kikikwangua ukoko jikoni. Akachungulia. Hapakuwa na mtu, na sufuria ilikuwa tupu, kavu, imefudikizwa juu ya kichanja, na bado ilikwanguliwa, kwaru, kwaru, polepole, kama mtu mwenye njaa asiye na haraka, na kila ilipokwanguliwa Sabiha, mtoto wa siku thelathini, aliachia titi, akakodoa macho kuelekea jikoni, na mama yake alipomnyanyua alimwona mwepesi kuliko asubuhi.

Ikawa hivyo kila adhuhuri. Siku ya nne mikono ya Sabiha ilikuwa vijiti. Mwalimu Uweso, mganga, akaitwa, na hakuvuka kizingiti cha jiko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeokota nini?"

Zubeiri alisema, kwa sauti ya chini, akiona haya.

"Umemvunjia mgeni sahani yake, mwanangu. Sasa anakula kwako. Zilete zote tatu nizisomee, nizitoboe, zirudi kwake. Ikibaki moja, ataifuata iliko."

Zubeiri alikimbia. Kwa Sadalla aliyamwaga maharage ya watu bila hata hodi. Kwa Benedikta alikuta kufuli.

"Kapanda basi alfajiri," jirani alimwambia. "Kwao Gare, mlimani. Kabeba mtoto na vyombo vyote."

Mwalimu akazisomea mbili, akazitoboa, zikapelekwa njia panda. Adhuhuri ikafika. Jikoni kimya. Sabiha akalidaka titi, akanyonya mpaka maziwa yakamtiririka kidevuni, na Mwatumu akalia kwa furaha. Zubeiri naye alilia, tena bila kujificha.

"Msishangilie," Mwalimu alinong'ona. "Hajaondoka duniani. Amemfuata yule mwanamke. Mwandikie arudishe sufuria. Barua ikienda na basi la leo, itawahi."

Zubeiri akatoa karatasi, akachovya kalamu.

"Akirudi nayo, itakuwaje?"

"Mgeni atarudi nayo. Atapita kwanza kwa aliyeiokota. Siku moja, mbili, mpaka nimtulize."

"Na hizo siku mbili, atakula kwa nani?"

Mwalimu alimtazama Sabiha. Akachukua bakora yake, akaaga, akaenda kuswali.

Zubeiri aliandika, "Kwa Bibi Benedikta, salamu." Mkono wake ukasimama. Kiganja cha Mwatumu kilikuwa kimefunika karatasi, wino ukimchafua vidole.

"Usiandike, Baba Sabiha."

"Kristofa ana mwaka mmoja, Mwatumu."

"Najua. Nilimbeba mimi mgongoni mama yake alipougua." Machozi yalimdondoka. "Usiandike."

Nje, basi la mlimani lilipiga honi kuita abiria. Likapiga tena. Zubeiri aliichana karatasi vipande vidogo vidogo, na Sabiha akacheua maziwa, akalala.