Kelele za Mwongeli

Kila jioni akitoka shuleni, Mwongeli alipitia kibanda cha baba yake nyuma ya soko la Jericho, akaketi juu ya gogo na kuanza kupiga msasa. Baba yake, Kivuva, alichonga twiga na vifaru. Yeye aliwalainisha mpaka wakang'aa. "Usimsugue sana huyo," baba alizoea kumtania. "Utamfanya twiga awe mbuzi."

Utani huo uliisha siku pikipiki ilipopanda kando ya barabara na kumgonga Kivuva. Mkono wake wa kulia ulisagika. Kidonda kilipona, ndiyo, lakini vidole vilibaki vimekunjamana kama vya kuku, haviwezi kushika tezo wala kuchonga.

Mwongeli alikuwapo. Alimwona mwendeshaji kwa macho yake: Nzivo, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa lao. Nzivo aligeuka mara moja, akaona alichofanya, akatoweka. Wiki ileile, bila haya, alikuja na wanakwaya wenzake kumwombea mgonjwa. Aliomba mpaka chai ikapoa vikombeni. "Ee Bwana, mguse yeyote aliyetenda unyama huu!" Wote walikuwa wamefumba macho, isipokuwa Mwongeli.

Mama yake, Muthoki, alipoelezwa na Mwongeli, alipiga ripoti polisi. Wakataka shahidi mwingine, mtu mzima. Mama Asenath, muuza samaki, aliona kila kitu lakini aligoma. "Mama Mwongeli, wale wa bodaboda ni kama nyuki," alisema. "Ukimgusa mmoja, wote wanakuja kwako. Niache niuze omena zangu."

"Sasa tufanye nini?" Mwongeli alimuuliza mama yake kwa hasira.

"Turudi kituoni kesho. Na kesho kutwa. Watachoka na sura yangu."

Mwongeli alichoka kabla ya polisi.

Jumamosi moja alikuwa sokoni na rafiki yake Asenath, binti wa muuza samaki. Nzivo alisimamisha pikipiki hapo karibu. Abiria wake akashuka na kwenda zake, amesahau mkoba kwenye kiti. Nzivo akaunyakua, akaanza kumkimbilia mwenyewe ili amrudishie.

"Mwone anavyokimbia na mkoba wa watu!" Asenath alicheka. "Mtu akipiga kelele hapa, ataimba soprano leo!"

Asenath alikuwa anatania. Mwongeli hakutania.

"Mwizi! Mwiziii!"

Hakuna aliyeuliza kaiba nini. Mawe yalirushwa na watu waliokuwa wakipima viazi muda mfupi tu uliopita. Nzivo akaanguka. Kijana mmoja alipita akiviringisha tairi kuukuu, mwingine akiitisha petroli. Ghafla Mwongeli akaelewa tairi lile ni la nini.

Aliyepenya umati alikuwa mama yake, aliyekuwa akinunua mboga karibu. Muthoki alijitupa juu ya Nzivo, akamfunika kwa mwili wake. "Mkimpiga, nipigeni na mimi!"

"Ondoka hapo, mama! Ni mwizi huyo!"

"Nani amesema?"

Mwongeli alijikokota mbele. "Ni mimi. Hajaiba. Nilidanganya." Akamwelekezea Nzivo kidole. "Ndiye aliyemgonga baba yangu."

"Wee msichana! Ungetufanya wauaji!" mwenye viazi alifoka, jiwe bado liko mkononi mwake.

Muthoki aliinuka, blauzi imelowa damu ya Nzivo. "Mmesikia. Nampeleka hospitali, kisha polisi. Nani atakuja nami?"

Wengi walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Mama Asenath alijifuta mikono kwenye aproni, akasogea. "Kama wewe umemkinga mtu aliyekuharibia nyumba," alisema, "mimi nitashindwaje kusema nilichokiona?"

Kesi ilichukua muda mrefu, lakini ilisikizwa. Mama Asenath alitoa ushahidi. Nzivo alikiri, akanyang'anywa leseni na kufungwa. Alisimama kizimbani ameinamisha kichwa upande mmoja, kwa maana jiwe lilikuwa limeliua sikio lake la kushoto. Kabla hajaondolewa, Mwongeli aliruhusiwa kumwendea, akamwomba msamaha. Ilimbidi aseme mara mbili ndipo asikike.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, hakuna aliyeshangilia.

"Mama," Mwongeli aliuliza, "si Mungu alisema tusilipize kisasi? Mbona basi tumempeleka kortini?"

"Kisasi alisema tumwachie yeye," Muthoki alijibu. "Hakusema tunyamaze. Kusema ukweli mbele ya anayepaswa kuhukumu, hiyo ni kazi yetu, hata tukichoka. Ulikuwa na haki ya kupiga kelele, mwanangu. Lakini ulipiga kelele za uongo, tena kwa watu wenye mawe."

"Na mkono wa Baba?"

"Mkono wa baba yako hautapona. Usingepona hata wangemchoma yule pale sokoni. Ila wewe ungekuwa umeua mtu, na una miaka kumi na mitatu."