Kidoti cha Bluu cha Lihonga

Baiskeli ilianza kuteleza kabla Urbani hajapiga kelele. Gurudumu la nyuma lilipanda jiwe lililolegea, likageuka, na mzigo wote ukavutwa upande wa korongo: unga, sufuria, jembe, na dumu la maji la lita ishirini lililofungwa kwa mpira. Mtu mwingine angeachia usukani. Urbani alijua kilichokuwamo ndani ya lile dumu, akashikilia, na baiskeli ikaenda naye mpaka chini.

Dada yake, Asteria, aliteremka kwa makalio akishika mizizi. Alimkuta amelala juu ya mawe, mguu wa kulia umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu haupindi. Pembeni dumu lilikuwa limepasuka kitako, na mchanga ulikuwa umeshakunywa maji. Asteria aliliinamisha upande mmoja haraka, akamimina kilichobaki kwenye sufuria. Vilikuwa vikombe vitatu, si zaidi.

"Maji?" Urbani aliuliza. Hakuuliza mguu.

"Yapo kidogo. Usijitingishe."

Juu ya korongo alisimama Kilian, baba yao mdogo, mzee wa miaka sitini na mbili aliyevaa koti la suti ambalo hakulivua hata kwenye jua la Oktoba. Kati ya hao watatu, yeye peke yake aliikumbuka Lihonga, kule walikokuwa wakienda. Asteria alihamishwa akiwa na miaka mitano, Urbani akiwa mgongoni.

Safari yenyewe ilitokana na kifurushi cha usipa, dagaa wa ziwani. Mwezi wa sita Asteria, mwalimu wa shule ya msingi huko Mbuji, alinunua usipa mkavu kwa mama mmoja aliyepanda kutoka ziwani, akafungiwa kwenye karatasi ngumu yenye mistari ya kahawia iliyopindapinda kama mistari ya ubao uliorandwa. Siku hizo kila kitu kilikuwa kinauzwa. Ofisi zilikuwa zinafungwa, stoo zinasafishwa, na makaratasi ya serikali yanaishia kufungia samaki. Asteria alimbembeleza yule mama mpaka akampa shiti zima. Ilikuwa ramani ya mwaka 1960, inanuka ziwa, kona moja imeshakatwa. Katikati ya pori upande wa Liparamba aliona jina ambalo mama yake, Restituta, hakuwahi kulitaja bila kunyamaza kwanza: Lihonga.

Mwaka sabini na nne watu wa Lihonga walipakiwa kwenye malori kupelekwa vijiji vya ujamaa, nyumba zikachomwa nyuma yao, na pori likafunga. Sasa ulikuwa mwaka tisini na tatu, na kampuni ya uwindaji ilikuwa imeomba pori lote. Maombi yake yalisema kwamba hapajawahi kuishi mtu. Kaya arobaini za Lihonga, zilizobanana Mbuji kwenye vishamba vya kahawa isiyo na bei, ziliweka pingamizi na kuambatisha nakala ya ramani. Kamati ya ardhi ikatoa sharti moja: wathibitishe maji ya kudumu. Penye maji ya kudumu palikuwa kijiji. Pasipo na maji palikuwa dago tu, kambi ya muda ya wawindaji, na dago halina mwenyewe.

Ramani ilikuwa na kidoti cha bluu, upande wa magharibi wa kilima cha Lihonga. Waende wakione, waandike, warudi kabla ya kikao cha Novemba. Restituta aliomba kwenda nao. Kilian alisema magoti ya shemeji yake yangewachelewesha. Na hakuna aliyemuuliza kuhusu maji, kwa sababu jibu lilikuwa limeshachapishwa.

Asteria aliufunga mguu wa Urbani kwa vijiti viwili na kanga iliyochanwa, kisha akakunjua ramani juu ya jiwe. "Kijiji tulichotoka ni mwendo wa siku nzima, na mto tuliouvuka ni mkavu. Kidoti hiki hapa. Kama kilomita nne mbele."

"Basi mbele," alisema Kilian.

"Unapakumbuka, baba mdogo?"

"Si kimeandikwa hapo?"

Waliacha baiskeli na unga, wakachukua sufuria na jembe, wakamweka Urbani katikati, mikono juu ya mabega yao, akaruka kwa mguu mmoja. Kilomita nne ziliwamaliza mchana wote na sehemu ya asubuhi iliyofuata. Mbung'o waliwauma kupitia nguo. Miombo ilikuwa imetoa majani mapya mekundu, mazuri kutazama, yasiyotoa kivuli cha kumfaa mtu. Asteria aligawa maji kwa kifuniko cha dumu, kila mmoja kifuniko kimoja, na Urbani kimoja cha ziada. Urbani alipozimia mara ya pili, Kilian alimbeba mgongoni mwendo mrefu bila kulalamika, koti limelowa jasho. Hilo lisemwe, maana mzee huyo atasemwa mengi.

Asubuhi hiyo Asteria aliona mashimo. Mteremko mzima, chini ya miti iliyoota baadaye, ulikuwa na mashimo ya mraba yaliyopangwa safu kwa safu, yamejaa majani makavu. Yalikuwa ngolo, kilimo cha Wamatengo: wanaume hukata majani na kuyapanga, wanawake huchimba. Kisha vikaonekana vifusi vya kuta zilizoanguka, na jiwe la kusagia limelala kifudifudi. Asteria alisahau kiu kwa muda. Alitaka kulia, na hakuwa na machozi.

"Tupo nyumbani," alimwambia Urbani. "Vumilia. Maji ni hapo nyuma ya kilima."

Walipozunguka kilima walikuta mwamba mtupu, mweusi, uliopasukapasuka kwa jua. Hapakuwa na tope wala jani bichi. Asteria aliipima tena ramani kwa kidole, akatazama kilele, akatazama makutano ya makorongo mawili. Palikuwa penyewe. Alichukua jembe akachimba kwenye kila ufa mpaka mpini ukamchubua viganja. Udongo ulitoka mkavu kama unga wa jivu.

Kwenye sufuria hapakuwa na kitu. Urbani alikuwa ameanza kuongea na watu ambao hawakuwapo.

"Baba mdogo," Asteria alisema, "maji yalikuwa hapa?"

Kilian alikaa chini, akatazama viatu vyake. "Mimi sikuwahi kuteka maji."

"Uliishi hapa miaka arobaini na tatu!"

"Njia ya kisima ilikuwa ya akina mama. Mwanaume akionekana huko, wanamtungia wimbo na kumwimba kwenye ngoma mwaka mzima. Nilikuwa naona mtungi mlangoni, basi."

"Sasa mpima ramani alijuaje?"

"Aliuliza." Sauti ya Kilian ilishuka. "Alikuja na picha zilizopigwa na ndege. Alitaka majina na maji. Alitukuta wanaume tumekaa, akatuuliza sisi. Nilikuwa nimeoa juzi juzi, mke wangu ananitazama. Niseme sijui maji ninayokunywa yanatoka wapi? Nikanyoosha kidole."

"Ukanyoosha huku."

"Huku."

"Na jana ukasema mbele."

"Nikafikiri wenyewe walihakikisha, mwanangu. Kitu kimechapwa na serikali."

Asteria alimtazama mzee huyo na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatamani kumpiga mtu mzima. Alimwacha hapo hapo. Alimvuta Urbani kwenye kivuli cha mwamba, akamfunika uso na kipande cha kanga, akachukua sufuria tupu, akarudi peke yake kwenye zile kuta.

Alisimama penye mlango mmoja ulioanguka, akajiuliza swali ambalo mpima hakuliuliza. Mwanamke anatoka hapa alfajiri na mtungi kichwani. Anaelekea wapi? Hapandi kilima na mtungi umejaa bila sababu. Njia za wanawake hazikuchorwa kwenye ramani ile. Zilizochorwa ni zile mpima alizopita mwenyewe. Asteria aliinama, akaanza kutazama ardhi. Alizunguka kuta tatu bila kuona kitu. Kwenye ukuta wa nne aliona kigae cheusi cha mtungi, kimechorwa mistari ya ukucha. Hatua ishirini kuelekea mashariki kulikuwa na kingine.

Alifuata vigae. Palipokuwa tambarare vilipotea, akawa anarudi nyuma na kuanza upya, ulimi umenata kwenye kaakaa. Palipokuwa na mteremko vilijaa, kwa sababu hapo ndipo wanawake waliteleza, mitungi ikavunjika, na huenda wakachapwa walipofika nyumbani. Alianguka mara mbili. Mara ya pili alitaka kubaki chini. Aliyemwinua ni Urbani, maana alikumbuka midomo yake ilivyopasuka.

Vigae viliishia chini ya mawe mawili makubwa, penye mkuyu. Nyayo za ngiri zilikuwa zimechimba tope. Asteria alipiga magoti, akachimba kwa mikono na kigae, na shimo likaanza kujaa, maji mekundu, mazito, yenye harufu ya mizizi. Alikunywa tope na maji pamoja. Kisha akalia kwa sauti, akimwita mama yake.

Alirudi kwenye mwamba na sufuria ya maji. Urbani alikunywa kwanza. Kilian alipokea sufuria kwa mikono miwili, akanywa. Wakamhamishia Urbani kisimani, wakawasha moto wa majani mabichi, na siku ya tatu moshi ukawaleta warina asali wawili kutoka Liparamba, Hyasinti na Ignatio, waliombeba mgonjwa kwenye machela ya miti. Walichelewa. Mguu ulikuwa umeoza, na hospitali ya misheni iliukatia juu ya goti.

Kikao kilifanyika mwishoni mwa Novemba. Ukumbi ulijaa watu wa Lihonga. Bwana ardhi, ofisa wa wilaya, alisema amekwenda mwenyewe penye kidoti cha bluu, kwenye nakala waliyoiambatisha wenyewe, akakuta mwamba. Asteria alisimama akaeleza kisima cha mashariki, akaweka vigae mezani. Bwana ardhi akasema vigae viko kila mahali, na ngolo zinaonyesha watu walilima, hazionyeshi waliishi. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alitaka jambo moja tu.

"Kama maji yalikuwa mashariki, kwa nini ramani inasema magharibi? Ni nani alimwonyesha mpima?"

"Ni mimi," alisema Kilian, akasimama na koti lake.

"Mzee, shikamoo. Ulimwonyesha mahali pa kweli, au ulikosea?"

Urbani alikuwa mbele, mkono ameuweka kwenye mguu wa suruali uliofungwa fundo. Kilian hakumtazama. Alitazama safu za nyuma, walikokaa wanaume wa rika lake, na wake zao.

"Palikuwa penyewe," alisema. "Maji yalikauka."

Restituta aliinuka na magoti yake mabovu. "Nilishuka mashariki mara mbili kwa siku, miaka kumi na tisa! Shemeji, sema kweli, mtoto amepoteza mguu!"

"Mama, kaa," mwenyekiti alisema kwa upole. "Wewe unasema hivi, shemeji yako anasema vile. Kama wenyewe hamkubaliani, kamati iandike nini?"

Kamati iliandika kwamba maji yalikauka na pori halina mwenyewe.

Nje, Kilian alimfuata Asteria mpaka penye uzio. "Wangenicheka mpaka kaburini," alisema.

"Wangekucheka siku moja, baba mdogo."

Akaondoka, na tangu hapo akipita mbele ya mzee huyo anapita kama anavyopita mbele ya kisiki.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado zinanyesha, watu wa kampuni walifika Mbuji na gari jipya. Walitaka kujenga kambi huko porini, na walihitaji mtu anayejua penye maji yasiyokauka. Kilian alijitokeza. Walimpa sare ya kijani na viatu vya buti, akakaa mbele karibu na dereva, na walipofika Lihonga aliwapeleka moja kwa moja kwenye mteremko wa mashariki, mpaka chini ya mkuyu, akanyoosha kidole. Mara hii hakukosea.