Taa ya Mchana Mlangoni kwa Chimanlal

Mabinti, mapenzi ya kufichaficha yana meno, na kabla hayajawauma wenyewe humuuma asiyehusika. Msiseme hamkuambiwa.

Malindi ile ya kabla ya vita vya Wajerumani, msimu wa mahindi, mlangoni kwa Chimanlal, Mhindi mnunuzi wa nafaka, hapakuwa na pa kuweka mguu. Wagiriama wametua magunia, punda wanarusha mateke, wapimaji wanatukanana. Katikati ya vumbi lile Kadii anapepeta, hando jeupe, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, limemjaa kiunoni, shanga nyekundu shingoni, jasho linamtiririka. Mwanamume akamkanyaga.

"We! Macho umeyaacha kwa mamako?"

"Nimeyaacha kwako, dada. Nirudishie nione njia."

Alikuwa Kenga, tarishi wa korti, Mrabai aliyesomeshwa na wamishonari. Shati la kaki, tarabushi nyekundu, beji ya shaba kifuani. Kazi yake kupeleka hati za kuwaita watu kortini, na watu wakimwona hukimbia. Kadii hakukimbia.

"Umekuja kunifunga?"

"Wewe hufungwi, kipenzi. Wewe ndiwe utakayenifunga mimi."

Wakapendana. Lakini Chimanlal alikuwa mjane aliyempokea Kadii kutoka kwa babake kwa ahadi ya kumlinda kama mwanawe, na hakutaka kuona mwanamume akizurura dukani. Kenga akabuni ishara.

"Bwana wako akitoka kwenda forodhani, washa taa uitundike mlangoni. Nikiwa kule juu kortini nitaiona."

"Taa mchana? Watu watasema nina wazimu."

"Jua la saa nane nani hutazama taa? Ni mimi tu, muhibu wangu."

Kenga alijua amri za korti, hakujua ada za Wahindi, wala Kadii hakuzijua. Mfanyabiashara wao akishindwa kulipa alichokopa, huwasha taa mlangoni mchana kweupe. Ndiko kutangaza: nimefilisika, njooni mgawane kilichobaki. Hasemi neno, taa humsemea.

Na Chimanlal hakuwa amefilisika. Alikuwa ametoka tu kwenda forodhani kupokea majora ya nguo, na Kadii akaitundika taa.

Manilal, mmoja wa waliomkopesha, ndiye aliyeiona kwanza. "Chimanlal ameanguka!" Basi. Wadai wakatoka madukani na watumishi wao, wana marungu, vyuma na mapanga. Milango ikang'olewa. Aliyeshika jora alipigwa na aliyelitaka. Mtu mmoja alikatwa vidole juu ya gunia la sukari. Kadii akapiga kelele, "Taa ni yangu! Ni yangu mimi!" Nani amsikie? Waliivurumisha taa, mafuta yakamrukia mkononi yakawaka. Alijigaragaza kwenye mahindi akijizima mwenyewe, ngozi ikabaki kwenye punje.

Chimanlal akaja mbio, kilemba kimemwanguka. "Ndugu zangu, nani amekufa? Nani..."

Rungu likamkuta kinywani. Taya likalia kama kuni kavu. Akiwa chini wakamkanyaga, jicho moja likapasuka.

Kati ya miguu ya watu Kadii aliiona tarabushi nyekundu mwisho wa mtaa. Kenga alisimama, akatazama, akageuka akakimbia.

Moyo ukamkatika. Hakujua kwamba amekimbilia askari, nao walipofika wakichapa kiboko kila mgongo, duka lilikuwa kuta tupu.

Mwendesha mashtaka hakuwashika waliovunja. Alimshika Chimanlal: kwamba amejitangaza kufilisika kwa hila, mali ameificha wadai wasiipate. Kosa hilo ni jela, na kwa mzee asiyeweza hata kutafuna, jela ni kaburi.

Kenga alimfuata Kadii kisimani.

"Usinisogelee!"

"Nilikwenda kuita askari. Ningefanya nini peke yangu?"

"Ungepigwa pamoja nami."

Kenga akashika kamba ya ndoo amvutie maji, Kadii akamnyang'anya.

"Nimemwendea mwendesha mashtaka," Kadii akasema. "Nimemwambia taa ni yangu, amenicheka. Ati mtumishi humtetea bwana wake. Wewe una beji, watakusikia."

"Nikisema nafukuzwa kazi. Na Manilal ataniua, maana waliogawana mali ile watatakiwa kuirudisha."

"Basi nyamaza. Lakini ukinyamaza, Kenga, jina langu lisipite tena kinywani mwako."

Siku ya kesi mwendesha mashtaka alisimama na kitabu kinene. "Mheshimiwa, kufilisika hakuhitaji maneno. Kwa ada yao taa ni tangazo, sawa na kupiga mbiu sokoni. Mshtakiwa hawezi kuiwasha kisha akaikana."

Hakimu akamkatiza. "Umethibitisha ni yeye aliyeiwasha? Ada haimfungi mtu kwa tendo la mwingine. Na huyo aliyewasha, alikusudia nini?"

Chimanlal yuko kizimbani, kichwa kizima kimefungwa vitambaa. Kadii kauinamia mkono wake, hamtazami Kenga aliyesimama mlangoni.

"Mheshimiwa," Kenga akasema, "taa ile niliagiza mimi. Nilitaka kuonana na msichana."

Korti nzima ikacheka. Manilal hakucheka.

Chimanlal akaachiwa, Kenga akavuliwa beji palepale. Hakumaliza ngazi za korti, watu wa Manilal wakamzukia. Chuma cha kwanza kilimpata gotini, cha pili mdomoni, akaanguka akitema meno. Kadii akaruka, akamng'ata mmoja sikio mpaka likaning'inia, kisha akamlalia Kenga akimkinga kwa ule mkono wa kidonda kibichi hadi askari wakaja.

"Nimesema," Kenga akanong'ona.

"Nimesikia. Nyamaza, damu inatoka."

"Sina kazi, sina meno. Utanikubali?"

"Ulipokuwa na meno ulisema upuuzi mtupu." Alikuwa analia na kucheka. "Nenda kwa baba mzazi na tembo la mnazi, ukanipose. Nenda mwenyewe, ukaseme kwa mdomo wako. Sitaki ishara."

Wakaoana. Mali iliyogawanwa ilikuwa imeshauzwa, haikurudi, na mwaka haukwisha korti ileile ikamtangaza Chimanlal muflisi, safari hii kweli, kwa muhuri. Akawa mtu wa kukaa barazani kwa jamaa yake. Kadii alikuwa akimpita kila asubuhi akielekea kijiji cha Muyeye, na mumewe akichechemea nyuma.

"Shikamoo, baba."

Taya la mzee lilikuwa limeshaunga. Alizungumza na wapita njia, akatania watoto, akabishana na wauza ndizi. Salamu ya Kadii hakuijibu hata siku moja, mpaka akaingia kaburini.